MWANAMKE SI JALADA LA SANTURI

Mwezi Juni mwaka 1976, kando ya barabara ya Sunset mjini Los Angeles, Marekani, lilisimamishwa bango kubwa la kuitangaza santuri mpya ya kundi la Rolling Stones la Uingereza. Kilichotawala bango hilo hakikuwa gitaa wala ngoma. Alikuwa mwanamke aliyefungwa kamba, nguo zake zimechanwa, mwili wake una alama za kipigo, na kinywani mwake yamewekwa maneno ya kusema kwamba kundi hilo ndilo lililomtenda hivyo na kwamba yeye amependezwa. Santuri yenyewe iliitwa Black and Blue, maneno ambayo kwa Kiingereza hutaja rangi ya ngozi iliyovilia damu. Mtu mmoja ofisini aliona kwamba mzaha huo unauzika, mwingine akaulipia, na mwanamke akapigwa picha.

Wanawake wa mji ule walilalamika, na bango likashushwa. Lakini kushushwa kwa bango si kushushwa kwa hoja. Hoja iliyolisimamisha ingali hai, nayo ni kwamba mwili wa mwanamke ni kifungashio halali cha bidhaa yoyote. Hiyo ni hoja ya kinyonyaji, na yafaa iitwe kwa jina lake. Kosa lake si uchache wa nguo. Kosa lake ni kumtumia mtu kuuzia kazi asiyokuwa na fungu ndani yake: hakuimba, hakutunga, hatajwi, wala hagawiwi faida. Anayelijadili jambo hili kama suala la mavazi tu amekamata kivuli, na mwenye kivuli amemponyoka.

Sauti kabla ya sura

Muziki haukuzaliwa na ugonjwa huu. Mwaka 1928 Siti binti Saad wa Unguja alivuka bahari hadi Bombay kurekodi nyimbo zake kwa ajili ya kampuni ya His Master's Voice. Santuri za zama zile ziliuzwa aghalabu ndani ya mfuko wa karatasi wenye tundu katikati, ili mnunuzi aisome lebo. Mnunuzi wa Unguja au Mombasa hakununua sura; alinunua sauti. Na ilikuwa heri, maana mahasidi wa Siti walimsimanga kwa sura yake na kwa nasaba yake, naye akawajibu kwa wimbo uliotanguliza akili mbele ya urembo. Shaaban Robert aliyaandika maisha yake kitabuni, na walimu wanakijua kitabu hicho. Basi wanafunzi na waulizwe swali moja. Kama Siti angeimba katika enzi ya jalada la rangi, je, wafanyabiashara wangeiweka sura yake mbele, au wangemtafuta binti mwingine wa kukaa mahali pake? Jibu la swali hilo si la kubuni, na litaonekana hapa chini.

Jalada lenye picha lilianza kushika njia mwishoni mwa miaka ya 1930, pale mchoraji kijana Alex Steinweiss wa kampuni ya Columbia, New York, alipowashawishi wakubwa wake waache karatasi kavu na kutumia michoro. Mwaka 1948 kampuni hiyo hiyo ikatoa santuri ndefu, na tangu hapo kila albamu ikawa na mraba wa karatasi wenye upana wa sentimita 30 hivi. Ilikuwa nafasi njema kwa sanaa, na wako wachoraji walioitumia kwa heshima. Lakini dukani zimepangwa santuri mia, na hakuna mnunuzi awezaye kuzisikiliza zote. Macho huamua kabla ya masikio. Mwenye duka alitaka kitu cha kuyakamata macho hayo, na alimdhania mnunuzi kuwa ni mwanamume. Hapo ndipo mwanamke alipoajiriwa kuwa chambo.

Ushahidi wa majalada

Mwaka 1965 Herb Alpert na kundi lake la Tijuana Brass walitoa albamu ya Whipped Cream & Other Delights. Ni muziki wa tarumbeta, hauna mwanamke aimbaye ndani yake. Mbele ya jalada ameketi mwanamke aliyefunikwa povu jeupe mfano wa malai, ambalo kwa sehemu kubwa lilikuwa sabuni ya kunyolea ndevu. Albamu hiyo iliuzwa zaidi ya nakala milioni 6. Watu wengi kiasi hicho wakaijua sura ile, na wachache mno wakalijua jina la mwenye sura, Dolores Erickson. Tarumbeta zilikuwa nzuri, nazo hazikuwa na haja ya povu.

Kwa wanamuziki weusi wa Marekani dhuluma ilikuwa na tabaka mbili. Mwaka 1957 Miles Davis alitoa Miles Ahead, na kampuni ikaweka juu yake picha ya mwanamke mzungu ndani ya jahazi la anasa. Mwaka 1965 albamu ya Otis Redding, Otis Blue, ilitoka na uso wa mwanamke mzungu mwenye nywele za dhahabu. Mwaka 1966 albamu ya Isley Brothers iliuzwa kwa picha ya vijana wawili wa kizungu ufukweni. Pumzi ni ya mtu mweusi, jasho ni la mtu mweusi, lakini dirishani mwa duka anakaa mwanamke mweupe ili mnunuzi mweupe asishtuke. Hapa ubaguzi wa rangi na unyonyaji wa mwanamke vilikula sahani moja. Mwanamume mweusi alifichwa, mwanamke mweusi hakufikiriwa hata kufichwa, na mwanamke mzungu aliwekwa pale kama pazia.

Davis aligomba, na matoleo ya baadaye ya Miles Ahead yakabeba picha yake mwenyewe. Mwaka 1961 alidai na kupata zaidi: jalada la Someday My Prince Will Come lilibeba uso wa mkewe, Frances Taylor, mwanamke mweusi. Kwa Marekani ya wakati ule hilo lilikuwa pigo la haki dhidi ya ubaguzi, na halifai kubezwa. Hata hivyo ushindi ule ulikuwa nusu. Frances Taylor alikuwa mcheza dansi wa sifa, aliyekuwa katika kundi la kwanza la mchezo wa West Side Story jijini New York mwaka 1957, na akaacha jukwaa kwa sababu mumewe alimtaka aache. Uso wake ukapewa nafasi dukani wakati kazi yake mwenyewe imenyimwa nafasi jukwaani. Kubadili rangi ya sura iliyo juu ya jalada ni hatua. Kubadili hali ya mwenye sura ni hatua nyingine, na hiyo haikupigwa.

Wako wanaodhani kwamba picha hizi ni matakwa ya wasanii. Kisa cha Jimi Hendrix chawakanusha. Mwaka 1968 Hendrix aliiandikia kampuni yake barua ya maelekezo kuhusu jalada la Electric Ladyland. Alitaka picha iliyopigwa na Linda Eastman, inayoonyesha wanamuziki wakiwa na watoto katika bustani ya New York. Nchini Uingereza kampuni ya Track ikatoa albamu hiyo ikiwa na picha ya wanawake 19 walio uchi, waliolipwa pauni chache kwa kazi hiyo. Hendrix hakuipenda, naye alisema hivyo. Msanii alitaka watoto. Mwenye mtaji akaleta uchi. Mwenye kutaka kujua nani anatawala utamaduni katika uchumi wa kibepari asisome hotuba za kampuni. Atazame jalada lile na barua ile.

Sauti ya mmoja, sura ya mwingine

Sasa jibu la swali la Siti. Martha Wash ni mwimbaji mweusi wa Marekani, mwenye sauti ya nguvu iliyofunzwa kanisani na mwenye mwili mkubwa. Kuelekea mwaka 1990 aliimba nyimbo kadhaa za kundi la Black Box la Italia, na pia sehemu kuu ya wimbo wa kundi la C+C Music Factory la New York. Nyimbo hizo zilivuma duniani. Lakini watazamaji walipoonyeshwa filamu za nyimbo hizo, hawakumwona Martha Wash. Waliona wanawake wengine, wembamba na vijana, wakifungua vinywa kuifuata sauti yake. Sauti ilichukuliwa na mwenye sauti akaachwa nje.

Wash alikwenda mahakamani, na madai yake yakamalizwa kwa makubaliano. Kesi zake zinahesabiwa miongoni mwa mambo yaliyozibana kampuni ziwataje waimbaji wanaoimba kweli. Ila msomaji na aone jinsi mantiki ya jalada ilivyofika mwisho wa njia yake. Ilianza kwa kumweka mwanamke asiyeimba kando ya mwanamume anayeimba. Ikaishia kwa kumwondoa mwanamke anayeimba na kumweka asiyeimba. Katika hatua zote mbili wanawake wawili wameibiwa: mmoja ameibiwa jina, na mwingine amefundishwa kwamba thamani yake ni mdomo uliofunguliwa bila sauti kutoka. Kazi imetenganishwa na mfanyakazi. Hakuna mfano wa unyonyaji ulio wazi kuliko huo.

Afrika nayo ijikosoe

Si haki kulitupa lawama lote ng'ambo ya bahari. Fela Kuti wa Nigeria aliwapinga madikteta na makampuni ya kigeni kwa ujasiri ambao Afrika haitausahau. Mwaka 1972 alitoa santuri ya Shakara, na juu ya jalada lake wamepangwa wanawake wengi walio vifua wazi kama pambo. Ndani ya santuri hiyo umo wimbo wa Lady, unaomkejeli mwanamke wa Kiafrika anayedai kuwa sawa na mwanamume. Lakini mama yake Fela alikuwa Funmilayo Ransome-Kuti, aliyewaongoza wanawake wa Abeokuta dhidi ya kodi ya kikoloni hadi mtawala wa jadi akaondoka katika kiti chake mwaka 1949. Mtoto wa mama yule ndiye aliyewapanga wanawake kama pambo la jalada. Kupinga ubeberu si hati ya kumsamehe mtu dhuluma ya nyumbani mwake.

Katika andiko la Ujamaa Vijijini la mwaka 1967, Mwalimu Nyerere hakuisifu jadi kwa kufumba macho. Alikiri kwamba jamii ya zamani ilimbebesha mwanamke kazi kupita fungu lake na kumnyima usawa, akataka kasoro hiyo iondolewe. Kwa hiyo anayetetea picha za kudhalilisha kwa kusema kwamba ndio Uafrika, hana jadi ya kuegemea wala hana ujamaa wa kuegemea.

Hoja tatu za upande wa pili

Watetezi wa biashara hii wana hoja tatu, nazo zafaa kujibiwa moja moja.

Kwanza, husema kwamba mwanamke aliyepigwa picha aliridhia na akalipwa. Kweli, alilipwa. Mkata mkonge wa enzi ya ukoloni naye aliridhia na akalipwa kwa kipande. Swali halikuwa kama alipokea fedha. Swali lilikuwa nani aliyepanga bei, na nani aliyeondoka na mali. Picha hulipwa mara moja, nayo huuza kwa miaka mingi.

Pili, husema kwamba hiyo ni sanaa, na sanaa haifungwi mipaka. Sanaa ina haki ya kuuonyesha mwili wa binadamu, na wachongaji wa Kimakonde wameuonyesha bila kumtweza mtu. Lakini sanaa hutokana na jambo ambalo msanii anataka kulisema. Yule wa ofisini aliyeikataa picha ya watoto ya Hendrix hakuwa na jambo la kusema. Alikuwa na hesabu ya mauzo.

Tatu, na hii ndiyo hoja ya hatari zaidi kwa sababu hutolewa na watu wenye nia njema, husema kwamba dawa ni kumfunika. Mwaka 1974 kundi la Roxy Music lilitoa albamu ya Country Life, ikiwa na picha ya wanawake wawili wenye nguo za ndani tu. Marekani iliuzwa ikiwa imefungwa ndani ya karatasi ya nailoni ya kijani isiyopenya macho, na baadaye pakatoka jalada lenye miti bila wanawake. Je, kuna kilichobadilika? Waliochagua ni wale wale, na waliopata faida ni wale wale. Kufunika bila kuhoji ni kuitia bidhaa ile ile katika mfuko mwingine.

Tanzania yenyewe ina somo katika jambo hili. Mwezi Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulipitisha azimio la kupiga vita sketi fupi, nywele za bandia, dawa za kujichubua na suruali za kubana, na Operesheni Vijana ikaanza Dar es Salaam tarehe 1 Januari 1969. Nia ilikuwa kupambana na kasumba, na kasumba ilikuwapo kweli. Lakini hata kabla ya siku hiyo, pale Kariakoo, makundi ya vijana yaliwavamia wanawake barabarani na ndani ya mabasi na kuwadhalilisha hadharani kwa ajili ya mavazi yao. Aliyepata adhabu ni karani anayerudi kazini na msichana aliye kituoni. Aliyeagiza bidhaa hizo, aliyezitangaza na aliyezifanya kuwa kipimo cha ustaarabu hawakuburutwa na mtu. Ndivyo inavyokuwa kila jamii inapoupiga vita mwili wa mwanamke badala ya kuupiga vita mfuko wa anayeuuza mwili huo. Chama kilichowafundisha watu kujikosoa hakipungukiwi kitu kwa kulisema hilo.

Njia iliyozaa matunda

Turudi Los Angeles, maana kisa cha bango hakikuishia pale liliposhushwa. Wanawake waliolipinga walikuwa na chama chao, kilichoitwa Wanawake Dhidi ya Ukatili kwa Wanawake. Walitambua kwamba bango moja ni jani tu, na mti una mizizi katika ofisi za kampuni. Kabla ya mwaka 1976 kwisha walitangaza kususia santuri za shirika la Warner na kampuni zake za Elektra na Atlantic, kwa sababu ya majalada na matangazo yaliyofanya ukatili kwa wanawake uonekane kama burudani. Hawakwenda kuomba polisi wala sheria ya kuzifungia nyimbo. Walikusanya majalada yenyewe, wakayaonyesha katika mikutano picha moja baada ya nyingine, wakawaacha watu waone kwa macho yao. Waliandika barua, wakawaandikisha wengine waandike, na wakasimama mbele ya maduka.

Haikuwa kazi ya wiki moja. Ilichukua takribani miaka mitatu. Mwezi Novemba 1979 shirika la Warner lilitoa tamko la sera, pamoja na chama hicho, la kupinga matumizi ya picha za ukatili kwa wanawake au wanaume katika majalada na matangazo yake. Shirika hilo halikuongoka moyo. Lilihesabu. Wanawake walilipiga pale linaposikia, yaani kwenye sanduku la fedha, nao walilipiga kwa umoja na kwa elimu. Hilo ndilo somo kubwa, nalo linafaa popote.

Kazi ya mwalimu na mtumishi wa umma

Itasemwa kwamba enzi ya santuri imepita. Imepita kweli. Nyimbo za bendi za Tanzania zilizorekodiwa Radio Tanzania na kufyatuliwa santuri Nairobi zilihamia kwenye kaseti, na leo muziki unakaa ndani ya simu. Jalada limepungua kutoka sentimita 30 hadi ukubwa wa stempu. Lakini stempu hiyo inamfikia mtoto wa darasa la tano kitandani kwake, bila duka na bila mwenye duka, na nyuma yake inafuata video. Ndani ya video hizo wasichana wanapita mbele ya gari la kukodi, na mara nyingi majina yao hayaandikwi popote. Mtoto wa kiume anajifunza kwamba mafanikio ni kumiliki, na gari na msichana vimo katika orodha moja. Mtoto wa kike anajifunza nafasi yake katika orodha hiyo. Somo la uraia linalofundishwa asubuhi linafutwa jioni.

Mwalimu asijibu hali hiyo kwa fimbo wala kwa kunyang'anya simu peke yake. Picha na iwekwe mezani, na darasa lipewe maswali manne. Huyu ni nani? Amefanya kazi gani katika wimbo huu? Nani aliyeagiza apigwe picha hivi? Nani anayepokea fedha? Mwanafunzi aliyezoea kuuliza maswali hayo hadanganyiki kwa urahisi, si na jalada la muziki tu, bali hata na tangazo la bia na bango la uchaguzi.

Mtumishi wa umma, hasa aliye katika idara za utamaduni, sanaa na hakimiliki, ana wajibu mzito zaidi. Baraza la Sanaa la Taifa liliundwa kwa sheria ya mwaka 1984 ili sanaa ikue, na sanaa haikui kwa kupima sketi kwa rula. Yafaa apime mikataba. Msichana anayeonekana katika kazi aandikwe jina lake. Awe na mkataba unaosema picha yake itatumika wapi na kwa muda gani. Mwimbaji wa kike asitumiwe sauti yake bila kutajwa. Anayetoa picha ya kumtweza mtu aulizwe yeye aliyeitoa na aliyeilipia, kabla ya kumwita mbele ya kamera msichana aliyelipwa nauli na chakula. Na wanawake wenyewe wakaliwe katika vyumba ambamo majalada na video huamuliwa, wala wasingoje barazani waitwe kuvaa.

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Santuri za Siti binti Saad zilijiuza kwa sauti, katika mfuko wa karatasi tupu. Wimbo usioweza kutoka mlangoni mpaka utanguliwe na mwili wa mwanamke ambaye hakuuimba umekwisha kutoa ushahidi dhidi yake wenyewe. Na taifa linaloucheka ushahidi huo, huku likimlaumu mwanamke aliye pichani, litakuwa limekubali kwamba nusu ya watu wake wanaweza kufungwa kamba na kubandikwa juu ya bidhaa, mradi muziki ni mtamu.